Nimeweka RAM mpya, laptopu imegoma kuwaka

Barua za mwezi huu karibu zote ni wimbo mmoja: niliongeza kitu, nikafunga mfuniko, sasa haiwaki. Nimechagua tatu. Nitakaa zaidi na ile ya mwalimu, maana ameeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaosimama mbele ya meza yangu hapa Mtaa wa Rwagasore, Mwanza, wakisema tu "Mama, imezingua."

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nafundisha hisabati sekondari hapa Nansio, Ukerewe. Nina HP EliteBook 840 G1 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ilikuwa na RAM (memori ya kufanyia kazi) ya GB 4, na kila nikifungua jedwali la matokeo huku intaneti iko wazi, inaganda. Likizo nikaichomoa ile RAM, nikavuka nayo kwenda Mwanza kama sampuli, laptopu nikaiacha nyumbani. Duka moja wakaichukua ya zamani, nikaongeza hela, wakanipa ya GB 8. Nimeifunga mwenyewe kwa kufuata video. Nikibonyeza kitufe, taa inawaka, feni inazunguka, taa ya Caps Lock inapepesa, kioo kinabaki giza. Fundi wa hapa anasema bodi imekufa, anataka aichome kwa hewa ya moto. Nimruhusu? Naambatanisha picha za RAM zote mbili. Ya zamani niliipiga kabla ya kuondoka. Na je, nikifika GB 16 nitaweza kuweka Windows 11?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwambie huyo fundi, kwa heshima zote, aizime hiyo mashine yake ya hewa ya moto. Laptopu iliyokuwa inafanya kazi asubuhi, ikabadilishwa kitu kimoja, ikagoma jioni, mshukiwa wa kwanza ni kile kilichobadilishwa. Wenzangu hununa nikilisema hili, lakini "bodi imekufa" siku hizi ndilo jibu la fundi ambaye hata mfuniko hajafungua. Na bodi nzima ikishachomwa bila sababu, huwa inakufa kweli, kisha anakuwa alisema ukweli tangu mwanzo.

Jibu umeniletea mwenyewe ndani ya picha mbili. Nimezitazama kwa lenzi, macho yangu yameshachoka. RAM yako ya zamani imeandikwa PC3L-12800S. Hii mpya imeandikwa PC3-12800S. Imepungua herufi moja, L, na ndiyo iliyokuweka gizani.

Wewe ni mtu wa namba, basi tuisome lebo pamoja. PC3 ni kizazi cha tatu, ndicho wauzaji wanachokiita DDR3. 12800 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde. Kila mkupuo hubeba baiti 8, kwa hiyo ukigawanya kwa 8 unapata 1600, ile kasi unayotajiwa dukani. S inaonyesha umbo fupi la laptopu, tofauti na RAM ndefu ya kompyuta ya mezani. Kwa hayo yote RAM zako mbili zinalingana, na ndiyo maana muuzaji alikupa bila wasiwasi. L ni habari ya umeme. RAM ya DDR3 isiyo na L inataka volti 1.5, na kiwango chake kinaruhusu umeme kushuka mpaka 1.425, chini ya hapo haina ahadi. Yenye L inafanya kazi kwa volti 1.35. Mashine yako inatoa 1.35. Hesabu iliyobaki nakuachia.

Kwa nini itoe 1.35? Kwa sababu ya prosesa, ule ubongo wa mashine. 840 G1 ni ya kizazi cha nne cha Intel, kile kilichotoka mwaka 2013, na prosesa zake huishia na U, kwa mfano i5-4300U. Hizo U zilibuniwa zile umeme kidogo ili betri idumu, na kwa upande wa RAM za kuchomeka zinakubali DDR3L peke yake. Mashine za nyuma ya hapo, kizazi cha pili na cha tatu, kwa kawaida hazijali. Ukizipa yenye L au isiyo nayo zinaendelea na kazi. Ndiyo maana ukimuuliza mtu mwenye laptopu ya mwaka 2011 atakuapia kwamba DDR3 ni DDR3. Kwa mashine yake yuko sahihi.

Usijilaumu kwamba iliingia bila ubishi. Zote mbili zina pini 204, na lile pengo dogo katikati ya meno liko mahali palepale. Ni ufunguo unaoingia kitasani lakini haugeuki. Ungekuwa umepewa DDR4 ungejua papo hapo, kwa kuwa hiyo ina pini 260 na pengo limehamishwa, haikai hata uibembeleze. (Kuna kijana aliwahi kuniletea laptopu aliyoilazimisha ikubali DDR4 kwa kuisukuma na bisibisi. Hiyo ndiyo bodi iliyokufa kweli.)

Kuna ushahidi mwingine uliokuwa mbele yako: hukuniandikia Caps Lock inapepesa mara ngapi. Kwenye HP nyingi za rika hilo, ikipepesa mara tatu, ikapumzika, ikarudia tatu, mashine inalalamikia memori. Ikipepesa mara mbili ni BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine, hapo kweli tungekuwa na kazi nyingine. Kaa nayo uhesabu, usikisie. Wenye Dell za miaka ya karibuni nao wana lugha yao kwenye taa ya betri: njano mbili kisha nyeupe tatu maana yake haioni RAM yoyote; njano mbili na nyeupe nne, imeiona lakini ni mbovu; njano mbili na nyeupe tano, imeiona na haiendani nayo. Mteja akinipigia simu na hesabu hiyo mkononi, nusu ya kazi imekwisha kabla hajapanda daladala.

Kabla hujakata tiketi ya meli, hakikisha kosa si la kukaa vibaya, kwa sababu RAM isiyozama sawasawa hutoa dalili hizohizo. Chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma chochote kikubwa, hata nondo za dirisha, uondoe umeme tuli mwilini. Miezi ya kiangazi una uzito kuliko watu wanavyodhani. Futa meno ya RAM kwa raba safi ya penseli, ile nyeupe, pangusa mabaki yake kwa kitambaa kikavu. Iingize kwa mshazari mpaka rangi ya dhahabu karibu isionekane kabisa, ndipo uilaze. Usikie vishikizo vya pande zote mbili vikilia. Kimoja kikilia na kingine kimya, bado. Washa, halafu subiri. Mashine iliyobadilishiwa RAM huweza kukaa giza dakika nzima au zaidi ikijipima, na watu wengi huizima katikati ya kipimo, wakawasha tena, wakazima tena.

Jaribu pia sloti ya pili. Ndiyo, mwalimu, mashine yako ina sloti mbili. Hapa ndipo nimeumia kwa niaba yako: hapakuwa na sababu ya kuwaachia ile GB 4. Ungepata 8 yenye L ukaiweka kando ya ile ya zamani, ungekuwa na 12, na mashine isingelalamika kwamba hazilingani ukubwa. Dukani walikuwa na sampuli yenye L mkononi, wakaichukua, wakakupa isiyo na L. Sisemi walikusudia. Nyingi ya RAM hizi zinachomolewa kwenye mashine chakavu za kila umri na kumwagwa boksi moja, na muuzaji husoma "8GB" akaishia hapo. Mimi zangu ninazo kwenye kopo la biskuti, zenye L nimezifunga mpira wa nywele, na kijana wangu wa kazi anajua kwamba akizichanganya atazipanga upya moja moja.

Basi rudi dukani na laptopu yenyewe safari hii, pamoja na risiti. Usiseme "nataka DDR3 ya GB 8." Sema "nataka PC3L-12800S," kisha soma lebo mwenyewe kabla pesa haijatoka mfukoni. Waifunge palepale, iwake mbele ya macho yako, na ukibonyeza F10 wakati inawaka uingie kwenye BIOS uone idadi ya GB imeandikwa. Uliza kama GB 4 yako bado ipo. Mara nyingi huwa ipo, nani anaikimbilia. Ukifika nyumbani, washa huku unabonyeza F2, HP wameweka kipimo chao cha memori humo. Kiache kimalize hata kama kitachukua jioni nzima.

Na kuhusu hofu yako ambayo hukuiandika lakini naisikia: hapana, hujaiharibu. Umeme mdogo kuliko unaotakiwa hauunguzi RAM wala bodi. Hiyo RAM itafanya kazi vizuri kwenye mashine ya mtu mwingine ya mwaka 2011.

Windows 11 sahau, hata ukifika 16. Kinachokuzuia ni prosesa. Kwa upande wa Intel, Microsoft wanaanzia kizazi cha nane, na wewe uko cha nne. Kwa RAM wenyewe wanaomba GB 4 tu. Windows 10 nayo iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, kwa hiyo kwa mashine ya rika lako ningefikiria Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Jedwali la matokeo linafunguka humo bila shida. Ukitaka tuliongee hilo, niandikie tena.

SWALI: Dada Fundi, habari za kazi. Nina duka la steshenari Sengerema. Kijana mmoja alinishauri nitoe diski ya kuzunguka niweke SSD ya GB 256 ili laptopu ya kuchapia iwe nyepesi. Ameifunga. Sasa ikiwaka inaonyesha nembo ya HP, halafu inaleta maandishi meupe na namba 3F0, inaishia hapo. Yeye anasema SSD ni feki. Aliyeniuzia anasema kijana hajui kazi. Nimshike nani?

JIBU: Nzuri dada, poleni na foleni ya wanafunzi wenye fomu. Usimshike mtu bado. Mashine inawaka, inaonyesha nembo, inakuandikia namba. Maana yake RAM nzima, kioo kizima, bodi nzima. 3F0 ni HP kukuambia kwamba hajaona diski ya kuanzia. Sasa nakuuliza: nani aliweka Windows kwenye hiyo SSD? Katika barua yako yote sijamwona. SSD hutoka kwenye pakiti ikiwa tupu kabisa. Nimeshakutana na mafundi wa kufunga tu: wanafunga, wanakunja mikono, wanasubiri Windows ijilete.

Bonyeza F10 wakati wa kuwasha, uingie BIOS, utafute orodha ya diski. Jina la SSD likiwepo, basi si feki kwa maana anayoisema kijana. Inasubiri kuwekewa mfumo kwa flashi, au kunakiliwa kila kitu kutoka diski ya zamani. Jina lisipokuwepo, ifunguliwe tena, isukumwe mpaka mwisho kwenye kiunganishi chake, kebo yake iangaliwe. Hizi za inchi 2.5 ni nyembamba kuliko diski nyingi za zamani, na zikikosa kile kipande cha kujazia zinainama, mguso unapotea.

Kuna hali ya tatu: jina lipo, mfumo uliwekwa au ulinakiliwa, na bado 3F0. Hapo tazama namna ya kuanzia, kuna Legacy na kuna UEFI. Mfumo uliowekwa kwa moja hauanzi kwa nyingine. Andika kwenye karatasi iko upande gani sasa, badilisha, hifadhi, jaribu. Isipokubali irudishe ilivyokuwa. Ikitokea imekuomba ufunguo wa tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski, imeona mabadiliko ikashtuka. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, usimruhusu mtu afute diski kwa sababu hiyo.

Diski ya zamani iko wapi? Kama kijana ameondoka nayo, ifuate leo. Kwanza ina kazi za wateja wako. Pili ndiyo shahidi: irudishe kwenye mashine, ikiwaka kama zamani, umejua shida iko upande wa SSD na si kwingine. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, watu wa Sengerema mnanifikia asubuhi kabla sijapanga meza, na nafurahi, lakini usitoe nauli kabla hujaingia F10.

Nimalizie na hili kwa wengine wanaonunua zile SSD ndogo za M.2, mfano wa kipande cha 2280, yaani upana milimita 22 na urefu 80: ziko za SATA na ziko za NVMe, njia mbili tofauti za kuongea na mashine, na zinafanana kwa mbali. Mashine inayojua SATA pekee haitaiona NVMe kamwe. Nyingi za SATA zina mapengo mawili kwenye meno, za NVMe kwa kawaida zina moja. Tazama kabla ya kulipa.

SWALI: Mwangaluka mayu. Nauza kayabo na dagaa hapa Kirumba Mwaloni, mzigo mwingine unakwenda Kongo. Mahesabu yote yako kwenye laptopu ya Dell. Mwanangu aliifungua akaongeza RAM, akaona vumbi jingi, akaipuliza kwa upepo wa yule anayeziba pancha. Tangu hapo haiwaki kabisa. Hata nikichomeka chaja hakuna taa. Mahesabu yangu yamepotea?

JIBU: Mwangaluka, baba. Mahesabu yapo. Yako kwenye diski, na diski inaweza kutolewa ikasomwa kwenye mashine nyingine hata kama hiyo haitawaka tena. Kwa hiyo lala usingizi.

Lako ni tofauti na la mwalimu hapo juu. RAM mbaya haizuii taa ya chaja. Taa isipokuwepo kabisa, umeme haufiki. Anza na chaja yenyewe, ijaribu kwenye Dell ya jirani. Kisha kijana afungue tena, aangalie mambo ambayo mikono ya haraka huyasahau: kiunganishi cha betri kimerudi mpaka mwisho? Ule utepe mwembamba wa kitufe cha kuwashia umekaa, au alifunga mfuniko juu yake? Aitikise mashine taratibu karibu na sikio. Ikisikika skrubu inatembea ndani, isichomekwe umeme mpaka itoke; skrubu moja ikilala juu ya njia mbili za umeme inatosha kuzima kila kitu. Akimaliza, betri ibaki nje, ashikilie kitufe nusu dakika, achomeke chaja peke yake, ajaribu. Ikiwaka, arudishe RAM ya zamani kwanza, mpya baadaye.

Kinachonitia wasiwasi ni ule upepo. Tangi la mziba pancha hukusanya maji ndani, na ukilifungulia linatoa hewa pamoja na matone. Ongeza na mazingira yako: kayabo ni samaki wa chumvi, chumvi inavuta unyevu, na vumbi lililoingia humo miaka yote lina chumvi. Maji yakikutana na chumvi hiyo juu ya bodi, umeme unapita pasipo njia na shaba inaanza kuota ukijani. Kwa hiyo baada ya kuangalia viunganishi, mulika kwa tochi kuzunguka tundu la chaja na chini ya betri. Kukiwa pakavu na pasafi, fuata niliyoyasema. Kukiwa na unyevu tu, iache wazi kivulini siku kadhaa mbali na ghala, wala msiianike juani pamoja na dagaa.

Ukiona rangi ya kijani au unga mweupe, msiiwashe tena hata kwa kujaribu. Asifute kwa maji, wala manukato, wala petroli; hiyo inasafishwa kwa pombe safi ya isopropili na brashi laini, chini ya lenzi. Kutoka Kirumba mpaka kwangu ni karibu. Niletee ikiwa wazi hivyohivyo, betri kando, na kijana aje na skrubu zote alizobakiza.